Siku Kesi Zangu Ziliposimama na Kusema

Nilikwenda kwenye baraza la wanawake nikiwa na kesi nne kwenye daftari, nikarudi nyumbani bila hata moja. Naanza na hilo kwa sababu watu wa eneo letu wananijua kama mtu asiyeshindwa kwa maneno, na ni kweli, sishindwi ovyo. Siku ile ndiyo pekee. Naiandika sasa, kabla sijazeeka nikaanza kuisimulia kwa namna inayonipendeza.

Niseme kwanza mimi ni nani, ili msomaji ajue nilianguka kutoka urefu gani. Niliondoka hapa tambarare za Hanang, chini kidogo ya Mogitu, nikiwa na viatu vya tairi na shuka moja. Nilibeba mizigo stendi Arusha, nikalala kwenye ghala la mahindi, nikajilipia masomo ya jioni mpaka nikapata diploma ya sheria. Hakuna mjomba aliyenisomesha wala mbunge aliyeniandikia barua. Baada ya hapo nilifanya kazi miaka mingi katika ofisi ya wakili, na kazi yangu ilikuwa moja tu: kutafuta kesi za zamani. Mteja akija na shida yake, mimi nilizama kwenye makabati, nikaibuka na kesi iliyoamuliwa zamani inayofanana na yake. Isipokuwepo inayofanana, nilitafuta inayokaribia, kisha nyingine inayokaribia hiyo, na nyingine tena, mpaka hakimu anajikuta amefika tulipotaka afike na hakumbuki ni wapi alipogeuka. Wakili wangu alisema nina pua. Mawakili wa ofisi nyingine walinipigia simu kuniazima.

Nilirudi nyumbani nikiendesha pikapu yangu mwenyewe. Nilijenga nyumba ya tofali za kuchoma yenye bati la bluu linaloonekana kutoka barabara ya Katesh. Mimi ndiye wa kwanza upande wetu kuvuta maji kwa sola. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo nilisimama mahali pake katika boma: mimi ndiye niliyeamua ng'ombe wanakwenda wapi na shamba linalimwa lini.

Katika boma hilo alikuwepo mke wa mdogo wangu, msichana mwembamba, mchapakazi, mwenye mimba ya kwanza. Mdogo wangu mwenyewe alikuwa mbali na ng'ombe, kwenye malisho ambako simu haishiki. Uchungu ulipoanza, ikaonekana mtoto amekaa vibaya, nikampakia kwenye pikapu pamoja na mama yangu tukaenda Haydom. Pale hospitali alijifungua salama, mtoto wa kike. Siku tano baadaye nikawarudisha.

Naomba msomaji aikumbuke safari hiyo ya kurudi. Nilitandika magodoro mawili nyuma, juu ya majani makavu. Mama aliketi akimshika mkwewe kichwa. Kila korongo nililolikuta nilisimama, nikashuka, nikaangalia mawe, nikapanda, nikavuka polepole kuliko mtu anayetembea kwa miguu. Basi la abiria lilitupita, kondakta akatoa kichwa dirishani akapiga kelele, "Mzee, umebeba mayai?" Nikamwambia ndiyo.

Mzazi akaingia ndani kukaa siku zake. Kwetu sisi Wadatoga, mwanamke aliyejifungua hukaa ndani miezi kadhaa. Hachoti maji, hakamui, hapigwi na jua. Anakunywa supu na mafuta, na wanawake wengine wanambebea kazi zote. Siku hizo zinalindwa sana. Mwanamume akizigusa, wazee wa kiume hawana neno la kusema. Wanawake wa eneo hukutana wenyewe, wanamsikiliza, wanaamua. Akionekana ana kosa, anatoa dume jeusi la ng'ombe. Akikataa kulitoa, wanamlaani, na sijawahi kumwona mwanamume aliyebeba laana hiyo akabaki na uso wake wa zamani.

Mimi nilizigusa katika wiki ya tano.

Watu wa ardhi walikuwa wamekuja ofisi ya kijiji kuandikisha mashamba kwa ajili ya hati za kimila. Shamba langu limepakana na la mdogo wangu, na jirani wa mpaka ni lazima athibitishe. Mdogo wangu hapatikani, ila mkewe aliruhusiwa kuweka dole gumba badala yake. Ilikuwa siku ya mwisho. Ningeikosa, ningesubiri mzunguko mwingine, na hakuna aliyejua ungekuja lini. Pikapu nilikuwa nimeshaipakia magunia ya alizeti ya kupeleka Katesh kukamuliwa. Basi nikampigia simu mtu wa bodaboda. Nikasimama mlangoni kwa mzazi nikasema, "Kuna pikipiki nje. Nenda ofisini ukaweke dole gumba, kisha urudi."

Alitoka ameinamisha kichwa, mtoto amefungwa kifuani. Hakusema kitu. Njia ile ina mawe kama meno. Alirudi alasiri, na kabla ya jua kuzama damu ilianza kumtoka. Nikampeleka zahanati, wakampa dawa wakasema alale, asinyanyue hata sufuria. Homa ikaja. Kisha maziwa yakapungua, na mtoto akawa analia mpaka sauti inakatika.

Siku ya nne wanawake walinitumia ujumbe: njoo.

Sasa nieleze nini kilikuwa kinagombewa, kwa sababu mimi nililijua vizuri tangu mwanzo. Kama baraza lingesema nina kosa, siku za yule binti zingeanza upya, kutoka siku ya kwanza. Dume lingechinjwa, supu na mafuta vingekuwa vyake, na wanawake wangegawana maji yake na ukamuaji wake kwa miezi yote hiyo. Kama lingesema sina kosa, maana yake ni kwamba alitoka kwa hiari yake. Amezivunja siku zake mwenyewe, na ugonjwa ni wake. Damu ikikatika tu angerudi kwenye ndoo, kwa maana ng'ombe ni wengi na mama yangu amezeeka. Ndivyo ilivyokuwa. Nikishinda mimi, anayelipa ni yeye. Na bado niliandaa kesi zangu.

Niliziandaa vizuri, hilo siwezi kulikana. Nilizunguka siku mbili kwa wazee, nikinywa chai nao, nikiwauliza habari za zamani kama mtu anayepiga soga. Je, kuna mzazi aliyewahi kutoka nje kabla ya siku zake? Ilikuwaje? Baraza liliamuaje? Jioni niliandika kwenye daftari langu jeusi, lile nililotoka nalo ofisi ya wakili. Nilijisikia kijana tena.

Baraza liliketi asubuhi kando ya korongo, mahali pa wazi pasipo na kivuli. Wanawake walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia. Walio wazee walikuwa wamevaa sketi zao za ngozi za ndoa, wadogo wamejifunga vitenge, na kila mmoja ana fimbo. Mimi nilikuja na kiti changu cha plastiki.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba," waliitikia, ingawa si wote.

"Hicho kiti kiache kipumzike, kimechoka," mmoja akasema. "Wewe kaa chini."

Nikakaa chini, mbali nao kidogo, kama desturi inavyotaka. Walizungumza Kidatoga, ninaandika kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza.

Aliyeongoza maneno hakuwa mkubwa wao kwa umri. Ni mama wa makamo anayepita kila asubuhi na madumu ya maziwa kwenda kuuza Mogitu, nasi tumezoea kutaniana njiani. Hajui kusoma. Barua zake za kliniki nimewahi kumsomea mimi.

"Msomi," akasema, "mzazi wetu anatoka damu. Uliyemtoa ni wewe. Sema."

Nikafungua daftari.

"Mama zangu, naomba niulize kabla sijajibu. Mzazi anaruhusiwa kutoka nje kabla ya siku zake?"

"Haruhusiwi," wakasema kwa pamoja.

"Hata mara moja?"

Wakanyamaza. Hapo ndipo nilipotaka wawe.

Nikawapa ya kwanza. Zamani, nikiwa mtoto, nyumba moja iliungua upande wa mtoni na ndani yake mlikuwa na mzazi wa siku nane. Alitoka. Kuna mwanamume aliyetozwa dume? Hakuna. Basi, nikasema, kwenye hatari mzazi anatoka. Wakakubali. Nikawapa ya pili. Mwaka wa ukame boma moja lilihama na mzazi ndani yake. Siku waliyoondoka hapakuwa na moto mlangoni, ila waliona njaa ya mwezi unaokuja. Hakuna aliyetozwa. Basi hatari si lazima iwe imefika. Wakakubali, polepole kidogo. Ya tatu ilikuwa ya mzazi aliyekwenda kumzika mama yake. Hapo hapakuwa na hatari yoyote, ya leo wala ya kesho, na hakuna aliyetozwa. Basi si lazima iwe hatari. Jambo zito linatosha. Ya nne ilikuwa yangu mwenyewe. Nilimrudisha mzazi huyu huyu kutoka Haydom akiwa na siku tano tu, kwa chombo cha moto, safari ndefu mara nyingi kuliko ya ofisi ya kijiji. Nanyi hamkuniita barazani. Mlikuja kunishukuru.

"Sasa mama zangu," nikasema nikifunga daftari, "hati ya shamba si jambo zito? Mpaka ule ndio urithi wa mtoto aliyezaliwa. Nilimtoa mama kwa ajili ya mtoto wake. Kama katika hizo nne hapakuwa na kosa, mimi kosa langu liko wapi?"

Niliona maneno yanavyowaingia. Niliishi na macho ya aina hiyo miaka mingi mahakamani. Mtu anakunja uso, anatafuta pa kushika, hapaoni.

"Anaongea huyu!" mmoja akasema.

"Ulimi wamemsomeshea huko."

"Mimi karibu nimpe yeye dume," akasema mama mmoja mnene, na wote wakaangua kicheko. Nami nikacheka. Nilifikiri yamekwisha.

Muuza maziwa hakucheka. Alikuwa akichora chini kwa ncha ya fimbo yake, mistari mifupi minne.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Umesema vizuri. Sasa tuwaulize wenyewe."

"Wenyewe kina nani?"

"Hao uliowaleta. Au ulifikiri wamekufa?"

Nilikuwa sijafikiri kitu. Ndiyo ukweli. Katika maisha yangu yote ya kazi, kesi ilikuwa karatasi. Ina namba, ina vumbi, ina jina la mtu ambaye hutamwona kamwe. Unaichukua, unaikata kipande unachokitaka, unairudisha kabatini, nayo haiwezi kufumbua mdomo. Basi nikakaa pale juani nikatazama mama mmoja mzee sana akiinuka kwa fimbo kutoka safu ya mbele. Akaja mpaka kwangu, akavuta shuka lake begani, akanionyesha mkono. Kuanzia kiwiko mpaka kifundo ngozi ilikuwa imekunjamana na kung'aa.

"Unaiona hii?"

"Naiona, bibi."

"Mimi ndiye nyumba yako iliyoungua."

Nywele zilinisimama katika jua kali la saa nne asubuhi.

"Sikutoka," yule bibi akasema. "Uliambiwa nilitoka? Nilibebwa. Wanawake watatu walinibeba, miguu yangu haikugusa ardhi. Jua halijazama walikuwa wamenijengea kibanda cha matawi, nikaingia humo, nikaendelea na siku zangu palepale zilipofikia. Mimi nilikuwa ndani, wewe mtoto. Ndani ndiyo iliyohama."

Akarudi kukaa. Hakuna aliyepiga makofi, hakuna aliyetikisa kichwa. Alisema kama mtu anayetoa taarifa ya mvua.

Akasimama wa pili, mrefu, mwenye bangili za shaba mpaka kwenye kiwiko na ugoro kwenye mdomo wa chini. Akatema pembeni kwanza.

"Wa ukame ni mimi," akasema. "Niliwekwa juu ya punda. Njia ilikuwa ya siku mbili, tukatumia nne. Boma zima, ng'ombe wote, wazee wote, walitembea kwa mwendo wa punda wangu. Ndama wawili walikufa kwa kiu kwa sababu ya kunisubiri mimi. Baba mkwe wangu aliwaruka akapita, hakusema neno. Hilo hawakukusimulia, hao wazee wako wa chai?"

"Hawakunisimulia, mama."

"Uliwauliza?"

Sikuwauliza. Nilikuwa nimeuliza tu kama alitoka na kama kuna aliyetozwa.

Wa tatu alikuwa kijana kuliko wote, na aliongea akitazama chini. "Niliomba mimi mwenyewe," akasema. "Habari ya mama yangu ilipofika, nilimwita mama huyu wa maziwa mlangoni kwangu nikamwomba. Mkakaa hapahapa siku nzima mnabishana. Mkanipa wanawake wawili, mmoja wa kubeba mtoto, mmoja wa kubeba kibuyu cha maziwa. Nilikaa mbali na kaburi."

"Na kama usingetaka kwenda?" muuza maziwa akamuuliza.

"Ningebaki. Nani angenitoa?"

Akakaa. Muuza maziwa akanigeukia, na sasa alikuwa anatabasamu kidogo, lile tabasamu lake la njiani.

"Msomi. Umechukua mguu wa mbele wa ng'ombe wa bibi. Umechukua mguu wa punda wa huyu. Kutoka kwa huyu mdogo umechukua mkia. Umeviunganisha umetuletea hapa, unatuambia, mama zangu, huyu ni ng'ombe, mkamueni. Atatoa maziwa?"

Walicheka tena, mara hii mimi sikucheka. Nilikuwa namwangalia tu. Mwanamke huyu asiyejua kusoma alikuwa ameshika kazi ileile niliyoifanya miaka yote: kuweka jambo la jana karibu na la leo. Mimi nilizisogeza kesi ili zifanane, hatua fupi fupi, mpaka mtu asione nilipovuka. Yeye alizisogeza karibu ili aone zinapotofautiana. Vyombo vilikuwa vilevile. Nilijiona kama fundi aliyetumia nyundo maisha yake yote kuvunjia milango, akamwona mwenzake anajengea nyumba.

Hata hivyo sikuwa nimekubali. Mtu mwenye diploma hakubali upesi. Nilikuwa na neno moja nililoliweka akiba.

"Mama," nikasema, "yote hayo nimeyasikia. Lakini huyu mzazi wetu naye hakukataa. Nilimwambia, akainuka akaenda. Angesema hataki, ningemlazimisha?"

Yule mama mnene aliacha kutafuna kijiti chake.

"Jina lako analitaja?" muuza maziwa akauliza.

"Nani?"

"Mzazi. Mke wa mdogo wako. Jina lako analitaja?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Ni desturi. Nimesimama mahali pa baba mkwe wake."

"Na maneno yanayofanana na jina lako, akiwa anaongea na wenzake kisimani?"

"Anayazunguka. Anatafuta mengine."

"Ukipita anafanyaje?"

"Anainamisha kichwa."

"Basi huyu," akasema, na sauti yake haikupanda hata kidogo, "jina lako hawezi kulitamka hata akiwa peke yake porini na mbuzi. Wewe unatuambia angeweza kusimama mlangoni, wewe umesimama mbele yake, akutamkie hapana. Angeitamka kwa mdomo upi?"

Nilizaliwa katika desturi hiyo. Mama yangu mpaka leo hataji jina la babu yangu, aliyekufa kabla sijaota meno, na kuna mimea miwili na mnyama mmoja anaowaita kwa maneno ya kuzunguka kwa sababu majina yao yanakaribiana na la marehemu. Nilikua nikimsikia. Hakuna mgeni kutoka Dar ambaye angeweza kufanya kosa langu kwa namna nilivyolifanya mimi, kwa sababu mgeni hajui kwamba kimya cha mkwe si jibu. Mimi nilijua. Nilikisikia kile kimya pale mlangoni nikakiandika kwenye daftari kama ndiyo.

Nilifikiri atanitoza hapohapo. Lakini alikuwa bado na mstari mmoja chini, wa nne.

"Imebaki yako ya Haydom," akasema. "Mwenyewe upo, tukuulize. Mlivuka korongo kubwa kwa mwendo gani?"

"Polepole."

"Polepole kama nini?"

"Kama mtu anayetembea. Chini ya hapo."

"Ulishuka kuangalia mawe?"

"Nilishuka."

"Mara ngapi?"

"Kila korongo."

"Nani alikuambia ushuke?"

"Hakuna aliyeniambia."

"Na siku ya ofisi, gari lilikuwa wapi?"

Nilitazama daftari langu. Lilikuwa limefungwa.

"Lilikuwa limepakia alizeti."

"Alizeti," akasema.

Upepo ulipita ukaleta vumbi la korongo, wanawake wakavuta shuka zao usoni, vumbi likaisha. Nikaelewa kwamba hakuna mtu pale anayehitaji kunishitaki. Mikono yangu ilikuwa imeshatoa ushahidi, ile iliyotandika magodoro mawili juu ya majani makavu. Siku ile ya Haydom hakuna aliyenipa kesi ya mfano, na bado nilijua mzazi anabebwaje. Kwa ajili yake nilikuwa natembea kama mtu aliyebeba mayai. Kwa ajili ya mpaka wangu nilimtupa juu ya mawe. Na mpaka ule ulikuwa wangu. Habari ya urithi wa mtoto niliitunga usiku wa kuamkia baraza, na niliipenda kwa sababu ilikaa vizuri mwishoni.

"Nilijua," nikasema. "Nilijua pale pale mlangoni."

"Haya," muuza maziwa akasema, kama mtu anayepokea chenji iliyo sawa. "Dume unalo?"

"Ninalo."

"Jeusi?"

Dume langu nililinunua mnadani na linasifiwa mpaka Gitting. Ni jeusi tii kwa yeyote anayelitazama akiwa amesimama.

"Lina doa jeupe chini ya tumbo," nikasema. "Dogo. Halionekani mpaka ulale chini."

Wakaangua kicheko mpaka yule bibi wa mkono wa moto akafuta machozi. "Sasa ndiyo anaongea!" akasema mama mnene. Waliniagiza nilibadilishe na la jirani lisilo na doa, nami nikafanya hivyo kabla ya saa sita. Jirani alipata dume bora kuliko lake, na ananikumbusha kila tukikutana.

Siku za mzazi zilianza upya siku hiyohiyo. Dume lilichinjwa, nyama wakala wanawake, mafuta na supu vikaingia kwake. Kesho yake nilikwenda ofisi ya kijiji nikaomba ile fomu yenye dole gumba iwekwe kando mpaka mdogo wangu arudi aseme mwenyewe kuhusu mpaka. Karani alinitazama kama mtu aliyepungukiwa. Mzunguko ule nikaukosa. Hati sina mpaka leo.

Wanawake waligawana maji na ukamuaji. Mimi nikaomba zamu moja. Walinitania sana, mwanamume mwenye diploma anayetaka kuchota maji, mwisho wakaniachia siku ya pikapu. Pampu yangu inafika shamba, haifiki boma la mama. Kwa hiyo siku yangu napakia madumu, navuka korongo, nayashusha mlangoni kwa mzazi, nasimama mbali kidogo kama inavyotakiwa, mama anayaingiza ndani.

Siku moja, kama mwezi wa pili wa siku zake mpya, mvua ilikuwa imenyesha juu mlimani. Nilishusha madumu yangu nikageuka kuondoka. Ndani nilimsikia mtoto akinyonya, ile sauti nzito ya mtoto mwenye maziwa ya kutosha, ya pupa, yenye kukoroma katikati. Nikasimama kuisikiliza. Kisha nikamsikia mama yake. Hakuongea nami, aliongea na mama yangu, kwa sauti iliyopimwa inifike.

"Mwambie yule mwenye gari," alisema, "haya maji ya leo yana tope. Sitaki. Akachote mengine."

Mama akatoka mlangoni, macho yake hayajui yaende wapi, kwa sababu katika maisha yake yote ya ukwe hakuwahi kutuma maneno kama hayo kwa mtu aliyesimama mahali pangu. Akafungua mdomo aniambie.

"Nimesikia," nikasema.

Nikapakia madumu, nikayamwaga kwenye bustani, nikaenda kisima cha mbali chenye maji safi. Korongo lilikuwa limejaa mawe mapya yaliyoletwa na mvua. Nikasimama, nikashuka, nikayaangalia, nikavuka polepole, ingawa nyuma nilikuwa na madumu matupu tu.